Jengo Lijadiliwe Kuanzia Ghorofa ya Chini

Michoro inayopelekwa mbele ya jopo la mapitio ya usanifu ina tabia yake. Jua linawaka muda wote, miti imeshakomaa kabla hata msingi haujachimbwa, na wapita njia wote ni vijana wasio na haraka. Pipa la taka halionekani. Mjumbe anayeijua kazi yake huweka kando picha hizo na kuomba ramani ya ghorofa ya chini, maana huko ndiko jengo linakosema ukweli: chumba cha transfoma kimewekwa mbele, mteremko wa magari umeikata njia ya waenda kwa miguu, chumba cha taka kinapakana na lango kuu, na upande mzima wa barabara ni ukuta usio na dirisha wala mlango.

Mapitio yenyewe ni hatua inayotangulia kibali cha ujenzi. Uimara wa nguzo ni kazi ya wahandisi, na matumizi ya ardhi huwa yamekwishapangwa. Kinachobaki mezani ni jinsi jengo litakavyokaa na majirani zake na mtaa. Seattle, Marekani, ilianza utaratibu huu mwaka 1994, ikiwa na mabaraza ya wakazi wanaojitolea, baadhi yao wasanifu. Uingereza iliunda tume ya kitaifa ya usanifu, CABE, mwaka 1999, ambayo ilitoa ushauri tu na haikuwa na mamlaka ya kukataa mradi. Miji mingi iko mahali fulani kati ya ushauri na amri.

Hoja ya wanaoutetea utaratibu huu ni nzito. Kiwanja kina mwenyewe, lakini kivuli, upepo na ukuta unaoelekea barabarani ni vya watu ambao hawakuuza wala kununua chochote. Rangi mbaya hupakwa upya. Lango lililowekwa mahali pabaya hukaa hapo miongo, na kila anayesukuma kigari cha mtoto atalipia kosa hilo.

Hata hivyo, jopo linaweza kukesha likijadili kitu kisicho chenyewe. Jengo la 20 Fenchurch Street jijini London, ambalo wenyeji huliita Walkie-Talkie, lilipita kwenye uchunguzi wa hadhara mwaka 2007, na ubishi mkubwa ulihusu litakavyoonekana kutoka mbali na litakavyoathiri mandhari ya Mnara wa London, ngome ya kale iliyo karibu. Likapita. Mwaka 2013, likiwa bado linajengwa, uso wake wa kioo uliobonyea ndani ulikusanya miale ya jua na kuielekeza mtaani. Gari la Jaguar lililoegeshwa hapo likapinda bodi, na wamiliki wa jengo wakalazimika kufunga vizuizi vya jua. Baadaye yakaja malalamiko ya upepo mkali chini yake. Mamlaka ya City of London, eneo la katikati ya jiji lilipo jengo hilo, ilitoa mwongozo wake wa kupima upepo mwaka 2019. Yaani watu waligombana kuhusu anga, na madhara yakatokea kwenye njia ya miguu.

Wapinzani wana hoja ambayo watetezi huipita haraka mno: muda ni pesa. Mwekezaji amekopa, riba inahesabika kila mwezi, na kila kikao kinachoahirishwa kinaongezwa kwenye gharama ya nyumba ambayo mpangaji atailipia. Kampuni kubwa huvumilia. Ina wanasheria, na wasanifu wanaowajua wajumbe kwa majina. Anayeumia ni mjenzi mdogo mwenye kiwanja kimoja. Hivyo utaratibu uliokusudiwa kuwadhibiti wakubwa unaweza kuishia kuwaachia uwanja peke yao.

Kisha kuna suala la nani hasa anazungumza kwa jina la wananchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipopitia kumbukumbu za vikao vya mipango miji katika miji ya Massachusetts, waligundua kwamba waliosimama kuzungumza walikuwa na umri mkubwa kuliko wakazi wengine, kwa kiasi kikubwa walikuwa wamiliki wa nyumba, na wengi wao walipinga ujenzi mpya. Mtu ambaye angehamia kwenye jengo hilo hayupo ukumbini. Hajui hata kama kuna kikao. Ndiyo maana “sura ya jengo” mara nyingi huwa kisingizio cha heshima cha mtu ambaye kwa kweli hataki ghorofa sita karibu na kwake.

Na ladha? Hapa nawaunga mkono wapinzani bila kusita. Wasanifu hujifunza upesi kinacholipendeza jopo: vunja uso wa jengo vipande vipande, badilisha rangi kila baada ya mita chache, bandika matofali hapa na mabati pale. Matokeo yake ni majengo yanayofanana kwa jinsi yanavyojitahidi kutofanana. (Mwaka 1887 wasanii na waandishi mashuhuri wa Paris waliandika barua ya kuupinga mnara wa Eiffel. Wangekuwa ndio jopo, sijui leo watalii wangepiga picha ya nini.)

Uholanzi, yenye historia ndefu ya kamati za aina hii, ilijaribu kuufunga mlango wa ladha kwa kuzitaka halmashauri ziandike vigezo kwanza; pasipo vigezo vilivyochapishwa, mradi haukataliwi kwa sababu ya sura. Baadhi ya halmashauri, kama Boekel, ziliamua kuachana na ukaguzi wa sura kabisa. Jimbo la Washington, ambako Seattle ipo, lilipitisha sheria mwaka 2023: vigezo viwe wazi na vya kupimika, visipunguze kimo au wingi wa nyumba ulioruhusiwa na mpango wa ardhi, na mapitio yasizidi mkutano mmoja wa hadhara.

Mkutano mmoja unatosha, mradi uje mapema, wakati lango bado linaweza kuhamishwa kwa kufuta mstari. Jopo linaloletewa michoro iliyokamilika halina la kufanya zaidi ya kuchagua rangi, na ndiyo maana rangi hujadiliwa sana. Kuhusu vigezo vya kupimika nina shaka kidogo. Unaweza kuagiza asilimia fulani ya vioo kwenye ghorofa ya chini, na mjenzi akatii kwa kuweka vioo vilivyofunikwa stika kutoka ndani. Kipimo kimetimia, ukuta umebaki ukuta. Hapo ndipo jicho la mtu mzoefu linapohitajika, na ningelipatia jicho hilo nafasi ya kuamua kuhusu mita chache za chini tu: milango, upana wa njia, kivuli, upepo, gari la taka linaposimama. Juu ya hapo, mwenye jengo ajenge apendavyo ndani ya kimo alichoruhusiwa.

Ningeongeza sharti moja kwa wajumbe: mwaka mmoja baada ya jengo kufunguliwa, warudi mtaani wakiwa na kumbukumbu za kikao chao, wahesabu ni mangapi kati ya waliyoyabishania yanaonekana kwa macho ya anayepita.