Mama wa kwenye simu na mama wa nyumbani

Saa kumi na moja jioni mama anajifunga kanga na kushika kitasa cha mlango. Anataka kwenda kwao. Binti anamwambia kweli: "Mama, hapa ndipo kwako, na bibi na babu walishafariki." Mama anaangua kilio, maana kwake msiba huo ndiyo kwanza anausikia. Kesho jioni ni yale yale.

Wanaofundisha kuuguza wenye demensia, ugonjwa wa kusahau, hushauri usibishane naye, uifuate hisia: "Kwenu kuna nini leo, mama?" Kuyasoma maneno hayo ni rahisi, kuyatamka baada ya usiku tatu bila usingizi ni shughuli nyingine. Hapo ndipo akili mnemba inapoletwa. Programu ya kwenye simu inajifanya mama, wewe unafanya mazoezi ya kumjibu, unakosea, unarudia. Wazo lina umri: mwaka 1963 daktari Howard Barrows wa Marekani alianza kumtumia mtu mzima wa afya aigize mgonjwa mbele ya wanafunzi wa udaktari. Tofauti ni kwamba mwigizaji wa sasa halipwi na hachoki.

Nalikubali hilo kwa sababu moja kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wenye demensia kuwa zaidi ya milioni 55, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako anayeuguza ni binti, mkwe au mjukuu ambaye hakufundishwa na yeyote. Huyo akikosea mbele ya majirani atasemwa. Mashine hainuni wala haisengenyi.

Lakini ugonjwa huu mara nyingi humrudisha mtu kwenye lugha ya utotoni. Mama wa Hai, Kilimanjaro, aliyeishi mjini miaka arobaini, ataanza kuita watu kwa Kimachame, na programu inamwigiza kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Hilo pengine litarekebishwa siku moja. Linalonitia wasiwasi zaidi ni upole wa mashine. Programu hizi huelekea kumridhisha anayezitumia. Ukisema sentensi mbili nzuri, mama wa kwenye simu anatulia na kushukuru. Wa nyumbani hatulii. Anatupa sahani, anakuita mwizi wa pesa zake. Binti aliyefuzu kwenye simu ataona kosa ni lake, kumbe hakuna aliyekosa. Kwa hiyo sioni mazoezi hayo yakifaa bila mtu, awe muuguzi au mwenzake anayeuguza, wa kumwambia kwamba siku nyingine hakuna jibu linalofanya kazi. (Na siri za mama zinazosimuliwa humo zinahifadhiwa wapi? Familia iulize kabla ya kuanza.)

Tena nadhani tunampa simu mtu asiye sahihi. Binti anayelala chumba kimoja na mama anafanya mazoezi kila siku, atake asitake. Asiyejua kitu ni kaka aliye mjini, anayetuma pesa mwisho wa mwezi na kupiga simu Jumapili kuuliza kwa nini mama amekonda. Yeye ndiye aketi nusu saa na mama huyo wa kuigiza, aulizwe "Wewe mtoto wa nani?" mara kumi na tano, kisha ndipo ampigie dada yake.