Kanali Kurtz mbele ya maafisa wa kweli
Katika filamu ya Apocalypse Now ya mwaka 1979, Kanali Kurtz ni afisa wa Marekani aliyeasi wakati wa Vita vya Vietnam na kujifanya mungu msituni. Wakubwa wake wanamtuma Kapteni Willard akamuue. Wengi humfananisha na Kanali Robert Rheault, kamanda wa kikosi maalumu aliyekamatwa Vietnam mwaka 1969, yeye na baadhi ya maafisa wake, kwa tuhuma za kumuua Mvietnam aliyeshukiwa kutumikia pande zote mbili. Wana hoja, maana Kurtz naye anatuhumiwa kuwaua majasusi wa namna hiyo.

Ila mfanano unaishia hapo. Rheault hakuasi wala hakujitwalia himaya. Mashtaka yalifutwa baada ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kukataa kutoa mashahidi, naye akastaafu. Kumtwisha vichwa vilivyotapakaa kwenye ngome ya Kurtz ni kumwonea.

Kwangu mimi, anayemkaribia zaidi ni Kapteni Paul Voulet. Mwaka 1899 aliongoza msafara wa Ufaransa kuelekea Ziwa Chad, akichoma vijiji na kuchinja watu katika nchi ambayo leo ni Niger. Luteni Kanali Klobb alipotumwa kumpokonya uongozi, Voulet aliamuru apigwe risasi, kisha akatangaza kwamba yeye si Mfaransa tena. Siku chache baadaye aliuawa na askari wake mwenyewe.

Wapo watakaopinga: Kurtz asili yake ni riwaya ya Joseph Conrad, ambamo ni wakala wa pembe za ndovu, si mwanajeshi. Ni kweli. Tena kuna hatari kubwa zaidi. Kurtz anayeigizwa na Marlon Brando katika filamu ana ufasaha unaoteka, na tukimvika Voulet ufasaha huo tutampa muuaji hadhi asiyoistahili. Waliochinjwa na msafara wake katika mji wa Birni N'Konni hawakuuawa na mwanafalsafa.

Hata hivyo siuachi ulinganisho huu, kwa sababu ya ile hukumu ya wazimu. Majenerali wa Kurtz wanasema amerukwa na akili. Uchunguzi wa Ufaransa nao ulidai Voulet alipagawa kwa joto kali. Lakini msafara wake haukuvunjwa. Ulikabidhiwa maafisa wengine, ukafika Chad, na mwaka 1900 ukapigana Kousséri, vita vilivyomwangusha Rabih, mtawala wa eneo hilo. Ukishayajua hayo, wasikilize tena majenerali wa Kurtz: kosa wanalomtia hatiani ni kuua bila idhini yao.