Linda sisimizi maji moto kwanza, kipepeo Anthene emolus atakuja

Ukipanda mti wa Saraca kwenye bustani ya Malaysia kwa ajili ya vipepeo, kisha ukazungushia shina grisi au ukapuliza dawa ili sisimizi wasiume wageni, umeshamfukuza Anthene emolus. Kipepeo huyu mdogo, dume zambarau na jike hudhurungi, hapatikani kwa kupanda mti peke yake. Jike hutafuta mti wenye Oecophylla smaragdina, sisimizi wanaoshona majani mabichi kwa uzi wa mabuu wao, na hapo ndipo hutaga. Sisi wa pwani tunamjua ndugu yao, Oecophylla longinoda: ndio maji moto wa minazini na miembeni.

Chukua lenzi inayokuza mara 10 uangalie majani machanga ya Saraca, yale yanayoning'inia kama yamenyauka. Kiwavi ni bapa, kichwa amekificha chini ya mwili. Sisimizi humgongagonga kwa vipapasio karibu na mkia, na kwenye pingili ya 7 ya tumbo linatoka tone tamu, ambalo hunywewa papo hapo. Nyuma yake, pingili ya 8, vijikono viwili laini huchomoza na kurudi ndani. Kwa malipo hayo kiwavi analindwa dhidi ya nyigu. Ndiyo maana sipendi ufugaji wa viwavi kwenye kopo, bila sisimizi: kwa jamii kadhaa za ukoo wa kipepeo huyu, utamu usiponywewa huota ukungu, na kiwavi hufa.

Wengine hukata kiota kimoja na kukihamishia mti mpya. Kwa kawaida hakidumu. Kundi moja hutawanyika katika viota vingi, miti kadhaa, lakini malkia yuko kwenye kimoja tu, mara nyingi juu sana. Sisimizi vibarua wasio na malkia huisha taratibu. Na wakikutana na kundi jingine, wanauana. Afadhali ufunge kamba kutoka mti wenye kundi hadi Saraca yako, wavuke wenyewe.

Kupogoa nako kuna wakati wake. Usiguse matawi mti unapochipua, kwa sababu kiwavi mchanga anahitaji jani laini, na likishakomaa hawezi kulitafuna. Na kama kiota kimening'inia juu ya njia ya wageni, hamisha njia.