Wanaoufunga mwezi

Mashaka, mtu-mbwamwitu wangu (binadamu anayegeuka mnyama) kwenye gemu ya The Sims 4, alikuwa ameshapiga goti. Pete mkononi, mpenzi wake amesimama karibu na jiko kama hajui kinachokuja, wageni watatu wamekaa sebuleni. Kumbe tangu asubuhi nilikuwa nimejisahau kumlisha, usiku wake hakulala vizuri, na mchana jirani alikuwa amemtolea maneno. Kile kipimo cha ghadhabu kilikuwa kinapanda pole pole na mimi sikukitupia hata jicho. Pete haikuvishwa. Mgongo ukapinda, manyoya yakachomoza, na bwana harusi mtarajiwa akalivamia kochi kwa kucha. Nikabofya. Nikabofya tena. Wapi! Ghadhabu ikifika juu kabisa, The Sims 4 inakunyang'anya usukani. Unabaki mtazamaji sawa na wale wageni, tofauti ni kwamba wao waliweza kukimbia, na walikimbia kweli kweli.

Nilicheka hadi nikalazimika kusimamisha gemu. Ilikuwa miezi mingi tangu gemu ya kuigiza maisha inishangaze.

Sasa nina neno na wenzangu wanaochagua kucheza mtu-mbwamwitu, halafu jambo la kwanza wanalofanya ni kuingia kwenye mipangilio na kuufunga mwezi. Asiyejua nimweleze: pakiti ya watu-mbwamwitu, yaani nyongeza inayouzwa kando na gemu yenyewe, ilitoka tarehe 16 Juni 2022, na pamoja nayo wachezaji wote wakapewa bure mwezi wenye awamu nane. Mwezi ukipevuka, mtu-mbwamwitu wako anageuka, utake usitake. Lakini kwenye mipangilio unaweza kuuganda mwezi kwenye awamu moja, ukabaki mwandamo milele. Usiku wa balaa haufiki. Unakuwa na mhusika mwenye manyoya mazuri, macho ya kung'aa, na hatari ya kiasi cha paka aliyeshiba.

Najua wataniambia kila mtu na gemu yake. Sawa, hakuna askari wa kuja kukagua. Ila mimi nasema wanachokitoa pale ndicho chakula chenyewe, kilichobaki ni sahani.

Tukumbuke gemu hii ilikotoka. Mwaka 1991 nyumba ya Will Wright, mbunifu wa The Sims, iliteketea katika moto mkubwa uliopita Oakland, Marekani. Ni katika kununua tena kila kitu, kuanzia vyombo hadi fanicha, ndipo akaanza kufikiria gemu juu ya vitu vya nyumbani na watu wanaoishi navyo. The Sims ya kwanza ikatoka mwaka 2000, na aliyeicheza atakumbuka jinsi ilivyokuwa haina huruma: mtu asiyejua kupika anawasha jiko na nyumba inashika moto, familia nzima inasimama inapiga mayowe badala ya kutoka nje. Usiku mwizi anaingia. Bili usipolipa wanakuja kubeba televisheni. Gemu iliyoanzia kwenye majivu haikuogopa kukuchomea nyumba.

Tangu hapo, kwa maoni yangu, imezidi kuwa mpole. Wahusika wa toleo la nne wana tabasamu la kudumu. Unaweza kulea vizazi vitatu bila mtu kupata msiba usioutafuta mwenyewe.

Mtu-mbwamwitu si mgeni, alikuwepo zamani. Kwenye The Sims 2, pakiti ya wanyama ya mwaka 2006, mbwamwitu kiongozi mwenye macho ya kuwaka angeweza kupita uwanjani kwako, na ukimzoea sana unaambulia kung'atwa. Usiku ukiingia, mhusika wako anageuka. Hiyo niliipenda, japo ilikuwa ya kubahatisha. Mwaka 2012 The Sims 3 ikamrudisha na pakiti ya viumbe wa ajabu, lakini yule sikumwelewa: binadamu wa kawaida aliyekosa wembe. Anaenda kunusanusa vichakani akutafutie mawe na wadudu, basi. Mfanyakazi mzuri, mnyama hapana.

Toleo la nne ndilo lililogusa penyewe, na siri yake ni kile kipimo. Ghadhabu haingoji mwezi tu. Njaa inaipandisha. Hali mbaya ya moyo inaipandisha. Kwa maneno mengine, mambo yale yale ambayo mhusika wa kawaida anayavumilia kwa kujikaza kisabuni, huyu yanamwekea deni, na deni litalipwa saa usiyoitaka. Ghafla vitu vidogo vya gemu vinarudi kuwa na uzito. Kumlisha mhusika wako kabla hajaenda kazini, jambo ambalo nilikuwa nimeacha kulifikiria, likawa mkakati. Nilianza kupanga siku ya Mashaka kama mtu anayebeba mayai kwa baiskeli.

Halafu kuna tabia za kimbwamwitu zinazojitokeza kadiri anavyokua, ambazo hukuziomba. Mashaka wangu alikuwa mtu wa bustani. Karoti, nyanya, mboga mstari kwa mstari. Akapanda daraja, akapata ulaji wa nyama. Sasa anapanda mboga asizotaka kuzila. Hadithi ya namna hiyo ningeiandika mwenyewe ingenichukua wiki, na isingechekesha hivyo.

Hata mji wenyewe wa Moonwood Mill, mdogo wa viwanja vitano tu, umejengwa juu ya ubishi huu huu. Kuna kundi la Moonwood Collective chini ya Kristopher Volkov, wanaoamini nidhamu na kujizuia. Upande wa pili kuna Wildfangs wa Rory Oaklow, wanaoona kujizuia ni kujidanganya. Nilimpeleka Mashaka kwa Volkov nikitumaini atamfunza adabu kabla ya harusi. Sasa naona Rory alikuwa na hoja. (Greg, anayeishi peke yake mbali na makundi yote mawili, sijamfikia kwa karibu. Nilijaribu mara moja. Inatosha.)

Lawama yangu kwa waliobuni pakiti hii ni moja. Ukipanda madaraja, unapewa pointi za kununua uwezo, na miongoni mwake umo ule wa kuidhibiti ghadhabu na wa kuukaidi mwezi mpevu. Maana yake unamcheza mtu-mbwamwitu ili hatimaye aache kuwa mtu-mbwamwitu. Mchezaji wa kawaida atanunua uwezo huo kwanza, nani asingenunua? Ningependa kila hatua ya utulivu idai kitu: unapata usingizi mtulivu, unapoteza pua; unapata adabu mezani, unapoteza mbio. Kwa sasa utulivu ni faida tupu, hauna bei. Mimi pointi zangu za namna hiyo sizitumii. Zimekaa pale kama akiba ya bahili.

Rafiki yangu mmoja anaufunga mwezi, na kwa haki nimtajie sababu yake: ana saa moja tu jioni ya kucheza, na saa hiyo anataka kujenga nyumba, siyo kuokota vipande vya meza. Hapo nanyamaza. Saa moja ni saa moja. Ila nilimuuliza kwa nini basi asicheze binadamu, akasema manyoya yanampendeza. Hatukuelewana zaidi ya hapo.

Mashaka alikuja kuoa, mara ya tatu. Alivisha pete akiwa ameshiba, amelala, amecheza, mwezi ukiwa mwembamba kama kucha. Nilichagua siku kwa makini kuliko ninavyochagua siku za mambo yangu mwenyewe. Kochi lile sikulibadilisha. Wana binti sasa, na damu ya baba mtoto anaweza kuirithi, ila haijionyeshi mpaka afikie ujana. Keki ya kumvusha kuingia ujana naiweka mezani keshokutwa. Nimetazama kalenda ya mwezi: ni usiku ule ule wa mwezi mpevu. Wageni nimealika wanane.