Watu SDP Ilikuwa Nao

Kila ninaposikia SDP ya Uingereza (Social Democratic Party, chama kilichojitenga na Labour) ikielezwa kuwa chama kilichozaliwa na tamaa ya vyeo na kufa kwa kukosa watu, naona kimeonewa. Watu kilikuwa nao.

Januari 25, 1981, siku moja baada ya mkutano maalumu wa Chama cha Labour, chama kikuu cha mrengo wa kushoto, kuvipa vyama vya wafanyakazi asilimia 40 ya kura za kumchagua kiongozi, Roy Jenkins, Shirley Williams, Bill Rodgers na David Owen walikutana nyumbani kwa Owen, Limehouse, mashariki mwa London, wakatoa tamko la kuanza safari yao ya kujitenga na Labour. Wote wanne walikwisha kuwa mawaziri wa Labour, na mtu wa namna hiyo hakihami chama kilichomlea kwa jambo dogo. Labour ilikuwa imeazimia kuitoa nchi katika Jumuiya ya Ulaya na kuacha silaha za nyuklia hata kama wengine wangebaki nazo. SDP ilizinduliwa Machi, na Novemba Williams akawanyang'anya Wahafidhina jimbo la Crosby katika uchaguzi mdogo.

Kidonda chenyewe ni uchaguzi mkuu wa 1983. SDP na Chama cha Liberal, waliosimama kwa muungano, walipata asilimia 25.4 ya kura, Labour asilimia 27.6. Viti je? Labour 209, muungano 23, na kati ya hivyo SDP iliambulia 6 tu. Vita vya Falklands dhidi ya Argentina mwaka 1982 vilikuwa vimempandisha Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Wahafidhina, sikatai, lakini pengo hilo na Labour lilitokana na utaratibu wa kumpa kiti anayeongoza jimboni, hata akiongoza kwa kura moja: kura za Labour zilirundikana kwenye miji ya viwanda, za muungano zikatapakaa nchi nzima, zikashika nafasi ya pili katika mamia ya majimbo bila malipo yoyote.

Owen simtetei. Wenzake walipoungana na Waliberali mwaka 1988, yeye alibaki na mabaki ya chama hadi Mei 1990, mgombea wao alipopata kura 155 katika uchaguzi mdogo wa jimbo la Bootle, nyuma ya chama cha mzaha, na mwezi uliofuata wakafunga. Hizo 155 ndizo zinazosimuliwa mpaka leo. Mimi zinaniuma zaidi zile milioni 7 na ushei za 1983.