Kampuni za Utalii Ziache Kununua Viungo vya Mtandaoni

Wamiliki wengi wa kampuni za utalii za Arusha na Moshi hupokea barua pepe zinazowaahidi mamia ya viungo (maneno ya kubofya yanayompeleka msomaji kutoka tovuti moja hadi nyingine) kutoka tovuti za nje, kwa bei nafuu, ili kampuni zao zipande katika matokeo ya Google. Nawaelewa wanaoshawishika, kwa sababu mgeni wa Ujerumani au Marekani anayetaka kupanda Kilimanjaro huanzia mtandaoni, na si wengi wanaofika ukurasa wa pili wa matokeo. Hata hivyo, naamini fedha hiyo hupotea bure, na wakati mwingine humletea hasara yule aliyeitoa.

Waasisi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1990, walibuni mfumo wa kupima hadhi ya kurasa za mtandaoni uitwao PageRank, ambao huchukulia kila kiungo kuwa kura, ila uzito wa kura hiyo hutegemea hadhi ya ukurasa unaoipiga. Penye kura hapakosi wanunuzi. Mwezi Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba maelfu ya viungo vilivyopandikizwa katika tovuti zisizohusiana kabisa na nguo wala samani vilikuwa vikielekea kwa J.C. Penney, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani. Kampuni ilikana kuhusika, lakini Google ilipochukua hatua, katika utafutaji wa masanduku ya safari ya Samsonite J.C. Penney iliporomoka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya 71 ndani ya saa chache. Mwaka uliofuata ukaja Penguin, mfumo wa Google wa kupambana na viungo vya hila, na tangu 2016 mfumo huo, badala ya kuishusha tovuti nzima, kwa kawaida huvipuuza tu viungo vya hila. Kwa hiyo mnunuzi wa leo anaweza kulipa mwaka mzima bila kuona mabadiliko yoyote, wala asijue sababu.

Nani basi atatuwekea kiungo bila kulipwa? Jibu limo katika kazi yenyewe. Kurasa nyingi za kampuni zetu hurudia maneno yale yale kuhusu mita 5,895 za kilele cha Uhuru, ilhali waongozaji wao wanajua mambo ambayo mgeni hayapati kokote: sehemu zinazojaa tope njia ya Machame baada ya mvua za masika, au mwendo wa usiku kutoka Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, kwa mtu mwenye miaka 60. Ukurasa ulioandikwa na mwongozaji wa namna hiyo, wenye picha zake mwenyewe na tarehe ya safari, ndio ambao mwandishi wa safari wa London atauwekea kiungo, kwa kuwa unamsaidia msomaji wake.

Kipo pia kiungo ninachokithamini kuliko vyote. Mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project wa Moshi hutangaza katika tovuti yake kampuni washirika zinazotimiza vigezo vyake kuhusu malipo, chakula na malazi ya wapagazi. Kiungo hicho hakipatikani kwa barua pepe. Hupatikana pale mpagazi anapolipwa haki yake, anapobeba mzigo usiozidi kilo 20 na anapolala ndani ya hema lisilovuja, na kampuni inayotafuta namna ya kupanda mtandaoni ingefanya vyema kuanzia hapo.