Meza Mbili, Kitambaa Kimoja

Kijana niliyefanya naye kazi ghalani hapa Lancaster, Pennsylvania, alinisimulia anavyokula akienda kwao Ohio. Mama yake hutandika meza mbili zilizosogezwa karibu kabisa, kisha huzifunika kwa kitambaa kimoja, hata anayeingia huona meza moja ndefu. Baba, mama na ndugu waliokwisha kubatizwa hukaa upande huu, yeye hukaa upande ule. Mara ya kwanza alipitisha mkono chini ya kitambaa akaipima ile nafasi: vidole vinne. Chakula ni kilekile na sala ya kimya ni ileile. Ila bakuli la viazi likimfikia, haruhusiwi kumkabidhi mama yake mkononi. Huliweka mezani, akaondoa mkono, ndipo mama akalichukua.

Yeye ni Mwamishi aliyetoka. Waamishi ni wale Wakristo wanaosafiri kwa vigari vya farasi, wasiovuta umeme wa gridi majumbani mwao, wanaovaa nguo za kushona wenyewe zisizo na mapambo. Hapa mjini tunawakuta katika soko la Central Market siku za Jumanne, Ijumaa na Jumamosi, wakiuza mboga, mikate na jibini. Sisi Wakongomani tuliofikia hapa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tuliwapenda upesi. Wanalima, wanazaa watoto wengi, wanawatunza wazee wao hadi mwisho. Mama mmoja wa kanisani kwetu husema hawa ni Wazungu wanaoishi kama watu wa kijijini kwao. Kwa hiyo nikieleza kwamba namfahamu mmoja aliyewaacha, huulizwa kwanza alikosa nini. Nikisimulia habari ya meza mbili, walewale waliowasifu hubadilika na kusema hao hawana utu. Nimeishi na swali hili miaka kadhaa sasa, na naona hukumu zote mbili zinatolewa kwa haraka.

Kanuni ile ya meza inaitwa Meidung, na ni ya zamani kuliko nchi ya Marekani yenyewe. Mwaka 1693 Jakob Ammann, kiongozi wa kanisa la Waanabaptisti wa Uswisi na Alsace, alishikilia kwamba mshirika aliyetengwa na kanisa atengwe hata mezani, kwa sababu Paulo aliwaandikia Wakorintho wasikubali hata kula na ndugu anayedumu dhambini. Wengine waliona inatosha kumzuia Meza ya Bwana. Hapo ndipo kundi likagawanyika, na wafuasi wa Ammann wakawa Waamishi. Karne iliyofuata wakaanza kuvuka bahari kuja Pennsylvania.

Lakini asili yao inarudi nyuma zaidi, na mtu asipoijua hatawaelewa. Waanabaptisti walikuwa watu waliokataa kubatiza watoto wachanga. Walisema imani ni ahadi ya mtu mwenyewe, na mtoto asiyejua kusema hawezi kuahidi. Kwa neno hilo walichomwa moto na kutoswa majini. Felix Manz alitoswa katika mto Limmat mjini Zurich Januari 1527. Walikufa wakitetea haki ya mtu mzima kuchagua kanisa lake kwa akili zake mwenyewe.

Ndiyo sababu kanuni haimgusi kila anayeondoka. Kijana wa Kiamishi hubatizwa kwa kawaida kati ya miaka 18 na 22. Kabla ya hapo, tangu miaka 16 hivi, yuko katika kipindi kinachoitwa rumspringa, ambacho wageni wamekivumisha kuwa ni ruhusa ya ulevi na anasa. Kwa wengi ni kukutana na vijana wenzao Jumapili jioni, kuimba na kutafuta mchumba. Akiondoka wakati huo wazazi watalia, lakini kanisa halimtengi, na akirudi kusalimia anakula meza moja na wenzake. Anayetengewa meza ni yule aliyepiga magoti mbele ya kusanyiko akaahidi kuitii Ordnung, yaani taratibu za kanisa lao, mpaka kufa, kisha akaivunja ahadi.

Nikisikiliza upande wa wazazi, hoja yao ina uzito. Wanasema: hatukukubatiza ukiwa mchanga, tulikungoja ukue. Tulikuonya usiape kama hujawa tayari. Uliapa mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu. Tukijifanya hakuna kilichotokea, tutakuwa tumesema kiapo si kitu, na wale mia waliobaki nacho wamejisumbua bure. Kwao kutenga ni njia ya kumfanya mtu asizoee upotevu. Na mlango wa kurudi unabaki wazi maisha yote: akija akapiga magoti na kuungama, anapokelewa na meza zinaunganishwa siku hiyohiyo. Sisi wenyewe tuna makanisa yanayotenga. Nimekaa ibadani majina yakisomwa, nimeona binti mwenye mimba akihamishiwa benchi la nyuma, na hakuna aliyemwambia atarudishwa lini. Tukiwashangaa Waamishi, tujikumbuke.

Tena kuna wanachokipata wanaobaki. Waamishi wengi hawana bima ya afya. Mtoto akifanyiwa upasuaji wa mamia ya maelfu ya dola, makanisa huchanga. Banda likiungua, wanaume hukusanyika alfajiri na jioni fremu imesimama. Mzee huhamia nyumba ndogo iliyounganishwa na ya mwanawe, na humo humo hufa akiwa na wajukuu. Mwaka 1900 hawakuzidi maelfu machache, lakini kufikia 2024 wanakadiriwa kuwa kama 400,000, na karibu wote wamezaliwa humo humo, kwa maana wageni wanaojiunga ni wachache sana. Wataalamu wanaowafuatilia hukadiria kwamba zaidi ya vijana wanane katika kila kumi hubatizwa na kubaki. Mtu hawezi kuita idadi hiyo gereza bila kuwatukana watu wazima wengi wanaojua wanachokifanya.

Mimi najiuliza jambo lingine: je, anayeapa ana njia nyingine mkononi? Ahadi ya mtu asiye na pa kwenda ina thamani gani?

Shule ya Waamishi huishia darasa la nane, mtoto akiwa na miaka 14 hivi. Huko Wisconsin wazazi watatu, Jonas Yoder, Wallace Miller na Adin Yutzy, walitozwa faini ya dola 5 kila mmoja kwa kuwatoa watoto wao shule kabla ya kufika miaka 16 ambayo sheria ya jimbo ilidai. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1972 wazazi wakashinda. Mahakama iliona kwamba maisha ya shambani chini ya wazazi ni elimu tosha kwa mtoto atakayeishi Kiamishi, na kwamba hata akitoka, uchapakazi wake utamlisha. Jaji William Douglas alipinga sehemu ya hukumu. Alisema wanaobishana hapa ni wazazi na serikali, ilhali maisha yanayoamuliwa ni ya mtoto, naye hajaulizwa. Binti mmoja tu ndiye aliyekuwa ametoa ushahidi.

Kuhusu uchapakazi mahakama haikukosea. Mwenzangu ghalani alikuwa fundi kuliko sote. Angeweza kujenga nyumba tangu msingi hadi paa. Ila alipotaka kuajiriwa kwa haki zote aliombwa karatasi, na karatasi hakuwa nayo hata moja. Alizaliwa nyumbani kwa mkunga, katika kundi kali kuliko haya ya Lancaster, wala hakuandikishwa. Tangu 1965 sheria inawaruhusu Waamishi wanaojiajiri wasichangie mfuko wa Hifadhi ya Jamii, kwa kuwa wao hutunzana wenyewe, na wazazi wake hawakuona haja ya kumwombea ile namba tunayoiita soshali. Picha ya kitambulisho nayo walikuwa wakiikataa kwa ajili ya ile amri ya kutojifanyia sanamu. Mimi nilishuka ndege na mfuko mweupe wa IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, mkononi, nikapata soshali yangu baada ya wiki chache. Yeye, ambaye babu za babu zake wamezikwa katika ardhi hii, alihangaika zaidi ya mwaka. Mwishowe mkunga aliyemzalisha ndiye aliyemwandikia barua ya kuthibitisha kwamba kweli alizaliwa. Aliponionyesha cheti chake cha kuzaliwa, ametimiza miaka 23, alikishika kwa ncha za vidole kama picha ambayo haijakauka.

Tulikutana tena jioni kwenye darasa la maandalizi ya mtihani wa watu wazima, ule unaosimama badala ya cheti cha sekondari. Yeye alikuwa na shida ya hesabu za herufi, mimi Kiingereza. Na Kiingereza chenyewe kwake kilikuwa lugha ya shule tu. Nyumbani walisema Deitsch, Kijerumani chao cha Pennsylvania. Alisema kinachomuuma zaidi ni kukosa mtu wa kumtania kwa Deitsch. Hilo nililielewa bila maelezo.

Kuna kifungo kingine ambacho hakitajwi sana. Kanisani kwao haozwi mtu ambaye hajabatizwa. Kijana wa miaka 19 aliyempenda binti wa jirani, mwenye darasa la nane na asiye na kitambulisho, anapopiga magoti siku ya ubatizo, sitasema anadanganywa. Huenda anamaanisha kila neno. Lakini Felix Manz hakutoswa mtoni kwa ajili ya chaguo la namna hiyo. Waanabaptisti wale walitaka mtu asimame mahali ambapo angeweza kusema hapana na bado akaishi.

Na wapo wanaoondoka kwa sababu nzito kuliko kiu ya shule au gari. Msichana aliyedhalilishwa na mtu wa nyumbani akipeleka neno kwa wazee, mara nyingine mkosaji huungama, hutengwa wiki sita, kisha hurudishwa, na msichana huambiwa sasa ni wajibu wake kusamehe na kutolirudia jambo hilo. Kesi za aina hiyo zimefika mahakamani katika majimbo kadhaa. Hapo sioni pande mbili za kupima. Anayekimbia hali hiyo hajavunja kiapo chochote, na polisi wanapaswa kuitwa siku ya kwanza.

Hata hivyo siwezi kuwaita watu wasio na huruma. Tarehe 2 Oktoba 2006 mtu mwenye bunduki aliingia shule ya Waamishi ya West Nickel Mines, katika kaunti yetu hii, akawapiga risasi wasichana kumi. Watano walikufa, naye akajiua. Jioni hiyohiyo Waamishi walikwenda kuifariji familia ya muuaji, na baadaye wakahudhuria mazishi yake. Nilipomuuliza mwenzangu inakuwaje wanamsamehe muuaji na mwana wao wanamtengea meza, alifikiri kwa muda mrefu. Akasema, "Yule hakuwa ametuahidi kitu." Kwao msamaha ni wa kila mtu, ila ushirika ni wa walioshika agano. Mama yake amemsamehe siku nyingi. Kanuni ndiyo inayomzuia kulipokea bakuli.

Je, serikali iingilie? Norway ilijaribu kwa kundi lingine. Mwaka 2022 iliwanyima Mashahidi wa Yehova ruzuku na usajili, ikidai namna wanavyowaepuka waliotoka inavunja haki ya mtu kuacha dini yake. Mahakama ya Oslo ilikubaliana na serikali Machi 2024, na mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo Machi 2025. Naelewa nia ya Norway, kwa sababu haki ya kubadili dini imo katika Azimio la Haki za Binadamu la 1948, na haki ambayo bei yake ni kumpoteza mama ni chungu. Lakini siamini kwamba ofisa wa serikali anaweza kumlazimisha mama akae na nani kula. Leo ataifungua meza ya Waamishi, kesho atataka kujua tunakula na nani katika nyumba zetu, na sisi tuliotoka Kivu tunajua yanayofuata mamlaka yanapoanza kuhesabu watu kwa kundi lao.

Ninachoona serikali inaweza kufanya, tena inapaswa, ni kuangalia njia inayomfikisha kijana kwenye kile kiapo. Kila mtoto anayezaliwa aandikishwe, awe wa mkunga au wa hospitali. Asome Kiingereza na hesabu hadi miaka 16, hata kama ni katika shule yao wenyewe na mwalimu wao wenyewe. Wazee wa Kiamishi watajibu kwamba miaka miwili hiyo ndiyo itakayowamaliza, kwamba kijana akizoea vitabu hatarudi shambani. Sidharau hofu yao. Huenda wataondoka wengi zaidi, na huku nje hakuna atakayewajengea banda kwa siku moja. Mwenzangu aliugua homa ya mapafu mwaka wake wa pili, akalala siku nne peke yake katika chumba cha kupanga, na aliyemletea uji alikuwa mke wangu. Alilia, akasema kwao jirani angekuwa ameshakamua ng'ombe wake wote.

Hajajuta kutoka, wala hajaacha kwenda. Anaendesha kwa muda wa saa tano, anaegesha gari mbali na ua kwa sababu wazazi hawaruhusiwi kupanda wala hapendi kuwaonyesha. Kanuni inawakataza kupokea kitu kutoka kwake, lakini haiwakatazi kumpa. Kwa hiyo kila anapoondoka mama humpakilia mitungi ya mapichi aliyoyasindika mwenyewe. Akirudi huiacha mitungi mitupu, imeoshwa, kwenye ngazi ya kibaraza, akaingia ndani mikono mitupu. Wakati wa kuondoka huikuta palepale, imejazwa.